Lola rennt: Franka Potente anaigiza kwa mwili mzima

Kama hujaiona Lola rennt (yaani Lola anakimbia), itafute. Ni filamu ya Kijerumani ya mwaka 1998, ina dakika 81 tu, na mimi niliyefundisha riadha sekondari miaka mingi sijaona mwigizaji anayekimbia mbele ya kamera kama Franka Potente, anayemwigiza Lola.

Kisa chenyewe ni chepesi. Manni, mpenzi wa Lola, amesahau kwenye treni mfuko wenye marki 100,000 (pesa za Ujerumani za wakati huo) za bosi wake jambazi, na zimebaki dakika 20 bosi azifuate pesa zake. Pikipiki ya Lola imeibwa. Basi anakata mitaa ya Berlin kwa miguu, nywele zimepakwa rangi nyekundu, na mwongozaji Tom Tykwer anatuonyesha mbio hizo mara tatu, kila moja na mwisho wake.

Binti angekuja uwanjani kwangu anakimbia hivi, ningemsimamisha kabla hajafika mbali. Buti nzito, mabega yamekaza, mikono inachapa hewa. Lakini hizi si mbio za kutafuta medali. Huyu anawahi mtu wake asiuawe, na Potente hasahau hilo hata sekunde moja. Angalia pale kwenye ngazi za nyumba yao, sehemu iliyochorwa kwa katuni, alipo kijana mmoja na mbwa wake. Mara ya kwanza Lola anawapita. Mara ya pili kijana anamtega mguu, anabingirika mpaka chini, na akitokea barabarani anachechemea. Hapo rudisha nyuma utazame tena: akili inataka kasi, mguu unagoma, na vyote viwili unaviona kwa wakati mmoja. Mara ya tatu anamruka mbwa na kumngurumia. Hakuna maneno, lakini unajua kabisa kwamba Lola huyu amekuja na moyo mwingine.

Wengi humjua Potente kwa kukimbia wakaishia hapo, na wanapitwa na kazi yake iliyo bora zaidi. Mwaka 2000, yeye na Tykwer tena, walitoa Der Krieger und die Kaiserin, iliyopigwa mji wa Wuppertal, Ujerumani. Humo Potente ni muuguzi, anaitwa Sissi. Anagongwa na lori, amelala chini yake, hewa haipiti. Mwanamume asiyemjua, anayeigizwa na Benno Fürmann, anajipenyeza mpaka alipo, anamtoboa koo kwa kisu na kuchomeka mrija wa kunywea soda ili apumue. Sauti hana. Amebaki na macho na ile pumzi inayokwaruza mrijani, na kwa hivyo viwili anakuonyesha hofu ikigeuka kuwa imani kwa mtu huyo. Nilijikuta nami nimebana pumzi.

Hollywood ilimchukua, haikumtumia. Katika The Bourne Identity ya 2002, filamu ya kijasusi, Marie anayemwigiza ni mtu kamili, ana hasira na ana woga wa kweli, lakini kwenye ile fukuzana ya Paris ndani ya kigari cha Mini usukani anao Matt Damon, yeye amekaa pembeni. Filamu iliyofuata, 2004, ikamuua mapema, gari likatumbukia mtoni Goa. Sijawasamehe. Mwaka huohuo Creep, filamu ya kutisha, ilimrudisha mbioni, safari hii kwenye mahandaki ya treni za London. Damu ni nyingi, watoto wakalale kwanza. Mwaka 2020 alitoa Home, aliyoiandika na kuiongoza mwenyewe.

Anza na Lola, kisha nenda moja kwa moja kwenye ile ya Wuppertal, Bourne atasubiri. Tafuta yenye Kijerumani chenyewe na maandishi chini, usichukue iliyobandikwa sauti za watu wengine. Sauti yake ni sehemu ya kazi: usikie ule ukelele wa Lola kule kasino anakokwenda kutafuta pesa, unaopasua glasi huku mpira wa ruleti, ule mchezo wa kubahatisha namba, ukitafuta namba 20, na hata kwenye muziki wa filamu hiyo Potente anasikika.