BYD Seagull mjini Lubumbashi: tununue au tungoje?

Jambo wandugu, ninyi wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, na ninyi mnaotuangalia mkiwa mbali. Gari hili nyuma yangu ni BYD Seagull, gari la umeme la Kichina, lile la betri ndogo, lililotengenezwa kwa soko la China. Mwenyewe ni papa mmoja wa hapa mjini. Amenikubalia niliendeshe na nilichaji kwangu. Hukumu naitoa sasa hivi ili mwenye mega kidogo za intaneti aondoke nayo: kama una parsele yako, yaani kiwanja chako, una kurenti ya kutegemea usiku, na safari zako ni za humu mjini, hili ni gari la kununua. Kama kimoja kati ya hivyo hakipo, ngoja.

Tuanze na bei, maana bila vita ya makampuni gari hili lisingefika Katanga. Kampuni ya BYD ilianzishwa na Wang Chuanfu mwaka 1995 kule Shenzhen, ikitengeneza betri. Biashara ya magari iliiingia mwaka 2003, mwaka uleule Tesla ilipozaliwa Marekani. Mwaka 2011 Elon Musk, mkuu wa Tesla, aliulizwa kwenye televisheni juu ya BYD, akacheka. Robo ya mwisho ya 2023 BYD ikauza magari ya umeme mtupu mengi kuliko Tesla, na mwaka 2025 ikaishinda kwa mwaka mzima, magari milioni 2.2 na zaidi dhidi ya milioni 1.6 hivi ya Tesla.

Vita hiyo ndiyo inayotangazwa sana, lakini kwa mfuko wetu sisi, vita yenye maana ni ya Wachina wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2020 Wuling walitoa kigari chao cha Hongguang Mini kwa yuan 28,800. Seagull ikaja 2023 kwa yuan 73,800. Oktoba 2024 Geely wakaleta Xingyuan, watu watano ndani, bei chini ya yuan 70,000. BYD wakajibu: Mei 2025 Seagull ikashushwa hadi yuan 55,800, yaani chini ya dola 8,000. Hiyo ni bei ya China, wandugu. Weka meli mpaka Dar es Salaam, weka barabara ya Tunduma na Zambia yote, weka forodha ya Kasumbalesa, ndipo uzungumze bei ya Lubumbashi. Mtu anayekutangazia bei ya kule akanyamaza juu ya njia, usimpe hata dola moja ya kuanzia.

Sasa kuna jambo ambalo mimi, mtoto wa Katanga, siwezi kulipita mbio. Betri ya gari hili BYD wanaiita Blade, waliitoa 2020. Ndani yake kuna lithiamu, chuma na fosfati. Kobalti hakuna. Nikeli hakuna. Nchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, malori yanapita hapa usiku na mchana, na gari la umeme la kwanza ambalo mwalimu au muuguzi wa hapa anaweza kuliota halina kobalti kwenye betri yake. Sababu ni bei. Kobalti ni ghali na haitulii, leo iko juu, kesho imeanguka, na kampuni inayopigania kushusha gari kwa yuan elfu mbili tatu haiwezi kuishi na kitu kama hicho. Tesla nao walianza kutia betri za namna hii, zilizotengenezwa na CATL, kampuni ya betri ya China, kwenye Model 3 za Shanghai tangu 2020.

Serikali yetu ilisimamisha kuuza kobalti nchi za nje Februari 2025, halafu ikaweka kiasi ambacho kila kampuni inaruhusiwa kuuza, ili bei ipande. Naelewa nia. Lakini kila bei inapopanda, mtengenezaji wa gari la bei ndogo anapata sababu nyingine ya kuikimbia kobalti yetu. Shaba ndiyo haikimbiliki: gari la umeme kwa kawaida linabeba shaba mara tatu ya gari la esanse (petroli) au zaidi, kwenye mota, kwenye nyaya, kila mahali. Wanaopanga mambo ya Haut-Katanga na Lualaba waangalie hapo, na waangalie sasa, kabla hawajawaahidi vijana utajiri wa betri za kobalti ambazo soko la watu wa kawaida limeshaziacha.

Haya, tuingie ndani. Viti ni vinne, mikanda minne, na kwa familia zetu hilo ni pungufu kubwa. Kioo cha mbele kina waipa moja tu, ndefu, inafagia kioo chote; mvua kubwa ilinikuta barabara ya Kasapa na ilifanya kazi yake vizuri. Skrini ya katikati inazunguka, inalala na kusimama, ila maandishi ni ya Kichina, kwa hiyo ukubaliane na muuzaji mapema nani atakubadilishia lugha. Usukani uko kushoto, kama sheria yetu inavyotaka. Mota ni kilowati 55, inatosha mji, na ukiachia pedali gari linajipunguza lenyewe na kurudisha umeme kidogo kwenye betri. Kwenye mashimo ya Katuba nilikwenda polepole, maana betri iko chini ya sakafu na sikutaka jiwe liiguse.

Betri ni kilowati-saa 30. China wanaiandikia kilomita 305, lakini kipimo chao ni cha ukarimu. Mimi nawaambia mhesabu 200 ili msilale njiani. Kipushi kwenda na kurudi, ni kilomita 60 hivi, hakuna shida. Likasi unafika, lakini lazima uchaji kule kabla ya kurudi. Kolwezi, sahau.

Kuchaji ndiyo kesi yenyewe. Prizi ya kawaida ya nyumbani inatoa kilowati 2 hivi, basi betri ikiwa tupu kabisa utangoja saa 14 au 15. Ila mtu wa mjini anayefanya kilomita 50 kwa siku anakula kilowati-saa 6 hivi, na hizo zinarudi kwa saa tatu. Tatizo ni saa tatu zipi. Jioni mtaa mzima umewasha resho, yaani majiko ya umeme, volti zinashuka, chaja inajizima. Nilisubiri hadi saa tano usiku, ndipo ikashika vizuri. Baada ya saa moja nikagusa prizi: mkono haukukaa, ilikuwa moto hivyo. Gari halikuwa na kosa. Waya wa ukutani ulikuwa mwembamba, wa taa, na chaja inavuta nguvu bila kupumzika. Fundi akavuta waya mnene wa milimita nne moja kwa moja toka kwenye kaunta (mita ya umeme), na disjonta yake peke yake, ile swichi inayokata umeme ukizidi, na waya wa ardhi. Joto likaisha. Nawasihi, hiyo kazi ifanyike kabla gari halijaingia kwenye parsele, si baada. Nyumba zinaungua kwa waya kama ule.

Mwenye umeme wa jua ana nafasi nzuri zaidi. Paneli za kilowati 2 kwa jua letu zinaweza kurudisha hizo kilowati-saa 6 za siku, mradi gari liwe nyumbani mchana au uwe na betri nyingine ya kuhifadhia. Kuchaji kwa jenereta ni kununua esanse kwa njia ya kuzunguka.

Mtaniuliza: mbona nisichukue Nissan Leaf ya Japani, iliyokwisha tumika? Leaf za zamani, za kilowati-saa 24, betri yake inapozwa kwa hewa tu na imezeeka. Pembeni ya geji ya chaji kuna vijiti 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Vikibaki 8, gari hilo halikupeleki mbali hata kwa bure. Tena usukani wake wa Japani uko kuume. Tesla, kwa bei yake na bila fundi wake karibu, siishauri kwa Lubumbashi. Xingyuan ya Geely ningeichagua mbele ya Seagull kwa mwenye watoto watatu, kwa sababu ya kiti cha tano tu.

Kitu kimoja mkiangalie siku ya kulipa. Magari ya soko la China yana tundu la kuchajia la kiwango cha Kichina, GB/T, na kebo ya Ulaya haiingii. Mwambie muuzaji afungue buti, akutolee chaja yake, aichomeke mbele yako, na mkae hapo mpaka skrini ionyeshe asilimia zinapanda. Akisema chaja inakuja na mzigo mwingine, pesa zibaki mfukoni mpaka ifike.