Hockey Hall of Fame, Toronto: kabla hujaingia msome kwanza Lester Patrick

Wakuu, kama upo Toronto na hoki ya barafu huielewi kabisa bado nakushauri uingie hii makumbusho ya hoki, iko kona ya Yonge na Front, ndani ya jengo la zamani la benki la 1885, na lile bakuli la kwanza la kombe la Stanley, kombe kubwa la ubingwa wa hoki, wameliweka kwenye chumba cha hazina cha benki, hapo tu hela yako imesharudi.

Ila ukienda kichwa kitupu utaona majina ya wazungu tu, so anza na Lester Patrick. Jamaa kabeba kombe na Montreal Wanderers 1906 na 1907, halafu 1911 yeye na mdogo wake Frank wakaanzisha ligi yao huko magharibi, wakajenga viwanja vya barafu ya mashine Victoria na Vancouver. 1925 akabeba tena akiwa kocha wa Victoria, timu ya mwisho nje ya NHL (ligi kuu ya hoki Amerika Kaskazini) kulichukua.

Sasa sikia hii, fainali ya 1928 anafundisha New York Rangers, kipa wake Lorne Chabot kapigwa jichoni na kisahani (ndio mpira wa hoki), wapinzani Maroons wakagoma asiazime kipa aliyekuwa jukwaani, basi kocha mwenyewe, miaka 44, akavaa vifaa akasimama golini! Hebu fikiria kocha wa Simba avae glavu kwenye dabi ya Kariakoo. Kafungwa moja tu, wakashinda 2-1 dakika za nyongeza, na kombe wakalibeba.

Watoto wapeleke upande wa kupiga mashuti, hawataki kutoka. Nyota 5.