Kamusi ya simu na neno "northeasterly": tathmini ya mtumiaji wa Tanga

Kwa miezi mitano nimekuwa nikitumia kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya kwenye simu, ya kulipia shilingi 12,000 kwa mwaka, katika kazi yangu ya kuwafundisha Kiingereza, nyakati za jioni, vijana wa Tanga wanaowapeleka wageni baharini. Jina lake nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa kasoro nitakayoieleza nimeikuta pia katika kamusi nyingine mbili, na ningependa kila msomaji aijaribu ile aliyonayo. Neno la kuijaribia ni "northeast" pamoja na maneno yanayozaliwa nalo.

Neno lenyewe kamusi imelitendea haki. Inalifasiri kuwa kaskazini-mashariki, inaonyesha kwamba umbo hilohilo linaweza kuwa nomino, kivumishi au kielezi, na inaeleza kwamba Waingereza wengi huliandika kwa kistari katikati. Inaeleza pia kwamba huanza kwa herufi kubwa linapokuwa jina la eneo, kama ile Northeast ya Marekani ambayo katika hesabu za sensa ya huko ina majimbo 9. Matamshi yamerekodiwa kwa sauti ya mtu na husikika vizuri, na programu haihitaji intaneti, jambo la maana sana kwa kijana aliye ndani ya mashua.

Tatizo linaanzia kwenye "northeasterly". Siku moja ya Januari, pwani ya Deep Sea, mwanafunzi wangu alipokea ujumbe wa mgeni uliosema kwamba kesho yake kungekuwa na "northeasterly wind", nao walikuwa wamepanga kwenda Kigombe, kusini mwa Tanga. Alifungua kamusi, akakuta maneno matatu tu: "-a kuelekea kaskazini-mashariki". Akamweleza nahodha hivyohivyo, kwamba upepo utaelekea kaskazini-mashariki. Mzee akaacha kamba aliyokuwa akiifunga, akamtazama. "Mwanangu, upepo wa kwenda huko ni kusi. Kusi ya mwezi wa kwanza umeiona wapi?"

Mzee alikuwa sahihi na kamusi ilikuwa imekosea, tena kwa nyuzi 180. Kiingereza huuita upepo kwa mahali unakotoka, kwa hiyo "northeasterly wind" ni upepo unaotoka kaskazini-mashariki, yaani kaskazi yetu yenyewe, inayovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Anayekwenda Kigombe siku hiyo anakwenda na upepo wa tezi, yaani wa kumsukuma kwa nyuma, na taabu yake ni ya kurudi, atakapoukuta upepo wa omo, yaani wa mbele, na kulazimika kupiga bisho, kwenda kwa kupindapinda dhidi ya upepo, hadi Tanga. Aliyeiamini kamusi angejiandaa kinyume chake, akadhani kazi ngumu iko asubuhi na jioni ni mteremko.

Ni kweli kwamba neno hili ni gumu, na siwalaumu watunzi kwa kuteleza hapo, ila nawalaumu kwa kuliacha bila mfano hata mmoja. Kiingereza hulitumia kwa namna mbili zinazopingana: ukisema mtu amesafiri "in a northeasterly direction", una maana ya kuelekea kaskazini-mashariki, na ukisema upepo ni "northeasterly", una maana ya kutoka huko. Mikondo ya bahari nayo, tofauti na upepo, kwa desturi hutajwa kwa mahali inakokwenda. Mbele ya Tanga mkondo wa pwani huenda kaskazini mwaka mzima, hata katika miezi ya kaskazi. Basi mtu anaweza kusimama Raskazone mwezi wa Januari akauita upepo "northerly" na mkondo "northerly", ilhali upepo unashuka kusini na maji yanapanda kaskazini. Mwenye mashua ndogo anajua bahari inavyochafuka upepo na mkondo vinapokutana uso kwa uso, na neno ni moja.

Nilitarajia pia kwamba kamusi iliyotungwa kwa ajili ya Waswahili ingelitaja neno kaskazi lenyewe, lakini halimo. Hili limeniuma kuliko kosa la kwanza. Kaskazini ni kaskazi iliyoongezewa -ni, mahali inakotoka kaskazi, kama kusini ilivyo mahali inakotoka kusi. Wazee wetu waliupa upande jina la upepo unaotoka huko, na kijana akifahamishwa hivyo mara moja hawezi tena kukosea "northeasterly wind". Mimi darasani huwasimamisha wanafunzi waelekee kibla, kwa kuwa Tanga na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa longitudo na kibla yetu ni kaskazini kwa tofauti ndogo sana. Kisha huwaambia wanyooshe mkono wa kulia kuelekea mashariki, wageuze uso hadi katikati ya kibla na mkono. Upepo unaowapiga usoni hapo ni "northeasterly".

Maneno mengine nitayapitia kwa kifupi. "Northeastern" limefasiriwa vizuri kuwa la eneo. "Northeastward" limepewa tafsiri ileile ya "northeasterly", nalo ndilo linalostahili "kuelekea", kwa hiyo hapo kamusi imepatia. "Northeast by east" imeandikwa "kaskazini-mashariki kando ya mashariki", tafsiri isiyo na maana kwa mtu mwenye dira, kwani huo ni upande mmojawapo kati ya 32 za dira, wenye nyuzi 56.25.

Nimewaandikia watunzi nikipendekeza waongeze neno "kutoka" na mfano wa upepo, kama inavyofanya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo katika utabiri wake husema upepo unatarajiwa kuvuma "kutoka kaskazini mashariki" na hivyo kumwondolea msikilizaji shaka. Hadi leo sijapata jibu. Kwa matamshi na msamiati wa hotelini naendelea kuwashauri wanafunzi wailipie kamusi hii, lakini ujumbe wowote wenye neno la upepo nimewaagiza waulete kwangu au kwa nahodha kabla ya kung'oa nanga.