uv imenifufulia programu ya korosho ya 2020

Mwaka 2020 nilikiandikia chama kimoja cha ushirika kule Masasi programu ya kupokelea korosho: jina la mkulima, kilo, daraja, kisha stakabadhi inatoka kwenye printa. Ni Python na Flask 1.1.2, maktaba ya Python ya kutengenezea programu za wavuti. Ilienda misimu minne bila mkono wangu. Halafu kompyuta ya ofisi ikafa, katibu akanipigia: "Mdogo wangu, Jumatatu tunapokea mzigo."

Kwenye kompyuta mpya programu ikagoma kuwaka: `cannot import name 'escape' from 'jinja2'`. Faili langu la `requirements.txt`, linaloorodhesha maktaba za kusakinisha, lilikuwa na mstari mmoja tu, `flask==1.1.2`. Nilifunga mlango nikaacha madirisha wazi. Flask huja na maktaba nyingine inazozitegemea, Jinja2, MarkupSafe, Werkzeug na wenzao, na toleo lile halikuwawekea kikomo cha juu. Jinja2 3.1, ya Machi 2022, iliondoa kitu ambacho Flask yangu bado inakiita.

Hapo ndipo nilipoijaribu uv, zana ya kusakinisha Python na maktaba zake, ya kampuni ya Astral, iliyotoka Februari 2024. Kwanza `uv python install 3.8`, nikapata Python ya umri wa mradi wenyewe, nikautengea mazingira yake kwa `uv venv --python 3.8`. Kisha:

`uv pip install -r requirements.txt --exclude-newer 2020-11-30`

Tarehe ile inaiambia uv ipuuze kila kilichopandishwa PyPI, ghala la mtandaoni la maktaba za Python, baada ya siku hiyo. Zikashuka Jinja2 2.11.2, MarkupSafe 1.1.1, Werkzeug 1.0.1, zilezile za enzi hizo, na programu ikawaka. Nilikaa naitazama ile fomu ya kilo kwa furaha ya kweli. Mimi kwa hili tu ningeilipia, na ni ya bure.

Sasa miradi yangu yote ina `uv.lock`, faili linaloandika toleo kamili la kila maktaba pamoja na alama yake ya hashi, ya kuhakiki kwamba kilichopakuliwa ni kilekile. Naiweka kwenye Git, inayotunza historia ya mabadiliko, pamoja na msimbo. Na kwa kuwa uv hutunza ilichokwisha kupakua, kusakinisha mara ya pili hakuli bando.

Mipaka ipo. Haikuletei vitu vya mfumo wa uendeshaji: psycopg2, maktaba ya kuunganisha Python na hifadhidata ya PostgreSQL, kwenye Linux bado ilidai programu ya `pg_config`, nikasakinisha `libpq-dev` mwenyewe. Na `uv.lock` haisaidii kama faili la maktaba limefutwa PyPI. Kwa hiyo mafaili ya `.whl` (vifurushi vya maktaba) ya mradi ule nimeyaweka kwenye flashi, ipo kwenye droo ya katibu pamoja na vitabu vya stakabadhi.