Dawa ya DPF ya kumimina tankini: huunguza masizi, majivu haiyawezi

Chupa za Liqui Moly, Wynn's, JLM na nyinginezo zimejaa kwenye maduka ya vipuri, na miongoni mwa wanaozitafuta ni wenye Mazda CX-5 ya dizeli, injini ya 2.2, kutoka Japani. Gari hilo likishinda kwenye foleni za mjini, chujio la masizi, yaani DPF, hujaa. Dawa inafaa kununuliwa, ila kwa tatizo moja tu.

Masizi huungua eksozi ikifika karibu nyuzi 600 za Selsiasi. Dawa yenye seriamu au chuma hujichanganya na masizi tangu ndani ya silinda, yakaungua kwenye nyuzi 450 hivi. Hapo ndipo thamani yake ilipo. Soma lebo: isiyo na metali hizo husafisha injekta na kupunguza masizi mapya, basi. Majivu hutokana hasa na kalsiamu na zinki zilizomo kwenye oili ya injini. Hayaungui, na metali ya dawa yenyewe huyaongeza kidogo, kwa hiyo kumimina chupa mbili kwa mpigo ni kosa.

Kabla ya kutoa pesa, weka skana, yaani kifaa cha kusoma misimbo ya hitilafu. Msimbo P2463 ni masizi kuzidi, dawa ijaribiwe. P242F ni majivu. Hapo chujio lifunguliwe likaoshwe kwa mashine. Ikija P2452 hadi P2455, kagua sensa ya presha na mipira yake miwili, maana hupasuka au kuziba. Fungua swichi bila kuwasha injini: presha isiposoma sifuri au karibu na sifuri, usiamini namba zake. Thermostati iliyokwama wazi nayo huzuia injini kupata joto, na kompyuta haianzishi uunguzaji wa masizi kwenye chujio. Injekta inayovuja itajaza chujio upya hata ukimimina dawa kila wiki.

Kisha chomoa kijiti cha oili. Hili mafundi wengi hulipita, nalo ndilo linaloua injini. Kijiti cha CX-5 kina alama ya X juu ya F, alama ya oili kujaa. Uunguzaji ukikatizwa mara kwa mara, dizeli ya ziada inayopulizwa silindani hushuka kwenye oili, na kiwango chake hupanda. Kikikaribia X, badilisha oili kwanza, uweke ya kiwango cha JASO DL-1 au ACEA C3. Oili iliyopunguka uzito hula beringi za krenki na turbo.

Chupa nyingi ni za mililita 250 hadi 375, kwa tanki la lita 50 hadi 70. Fuata kipimo cha lebo. Mimina dawa kwanza, ndipo ujaze dizeli, ichanganyike vizuri. Baada ya hapo tafuta barabara iliyo wazi, kama Kibaha hadi Chalinze, uende dakika 30 bila kuzima. Kwa kilomita 80 kwa saa gia ya sita huacha injini chini mno, hivyo shusha gia mzunguko uvuke 2,000 kwa dakika. Ukifika usiegeshe juu ya nyasi kavu, maana eksozi huwa ya moto sana.

Mwenye Peugeot yenye tanki lake dogo la dawa, mfumo ulioanza na 607 mwaka 2000, asimimine chupa hizi. Ajaze tanki hilo kwa dawa yake maalumu.