HOSTS au Plantwise: mdudu gani anakula mmea gani

Kwa wanaouliza hapa Uganda, ukikuta kiwavi kwenye mchungwa na unataka kujua atakua kipepeo gani, mi naenda HOSTS, hifadhidata ya mtandaoni ya makumbusho ya historia asilia ya London, unaandika Citrus (jina la kisayansi la jamii ya michungwa) inakuletea orodha, kipepeo Papilio demodocus yumo, alafu ukigeuza ukatafuta kwa jina la kipepeo unapata mimea anayokula, rekodi kama 180,000 za spishi kama 22,000, hazina kweli! Ila ujue majina ya kisayansi, na jina kuwepo pale sio kwamba huyo mdudu anaharibu zao lako, watu wanachanganya sana hapo.

Sasa mkulima wa kahawa ya robusta Masaka matawi yanakauka, HOSTS haimsaidii kabisa, ni vipepeo na nondo tu, na yule mtoboaji mweusi wa kahawa, Xylosandrus compactus, ni mbawakawa. Hapo afungue tovuti ya Plantwise ya CABI, shirika la kimataifa la kilimo, ni bure, anaanza na zao lake anapata dalili na namna ya kudhibiti, kwa huyu mtoboaji ni kukata matawi yaliyoshambuliwa na kuyachoma mapema, yasiachwe chini shambani.