Mama alikuja kumwona Isipokuwa, wakamwambia anyamaze

Nimeikalia hasira hii wiki kadhaa nikingoja ipoe. Haijapoa. Kila nikifungua simu nakutana na picha niliyompiga mama ndani ya haisi: mkoba mapajani, mtandio umefunika mpaka masikio, anatazama dirishani na nje ni giza tupu. Mtu ambaye tangu tupande ndege Brisbane hakuishiwa maswali, hapo amenyamaza kama aliyefiwa.

Kampuni sitaitaja. Ni zile safari za jioni: wanakuchukua Cairns, kaskazini mwa Queensland huku Australia, wanakupandisha milimani Atherton kuona wanyama wa usiku, wanakurudisha hotelini inapokaribia saa sita. Bei na ratiba mtavikuta kwenye matangazo yao. Mimi nina neno juu ya dakika kumi tu za safari ile.

Lakini kwanza mumjue mama yangu. Amefundisha shule ya msingi Muheza mpaka alipostaafu, somo la sayansi. Miaka nenda miaka rudi aliandika ubaoni sentensi ileile: mamalia huzaa na kunyonyesha, ndege hutaga mayai. Mwaka mmoja mtoto wa darasa la tano akanyoosha mkono, akatoa kipande cha gazeti la zamani kilichokunjwa mara nne, chenye picha ya mnyama mwenye manyoya, mdomo wa bata na mkia bapa. "Mwalimu, na huyu? Wameandika anataga na ananyonyesha." Mama hakumkemea. Alikichukua kile kipande, akauliza walimu wenzake, akatafuta vitabu, na baada ya siku kadhaa akarudi darasani akaongeza neno moja mwishoni mwa sentensi yake: isipokuwa.

Nyumbani tukakua tukimwita mnyama yule kwa jina hilo. Isipokuwa. Jina la platipasi nilikuja kulisikia baadaye sana, na kinyamadege nimelikuta nikiwa mtu mzima. Kwa hiyo mama alipokuja kunitembelea, miezi ambayo nyumbani ni ya kati ya mwaka na huku ndiyo baridi yenyewe, hakutaka Sydney, hakutaka maduka. Alisema, "Mwanangu, nipeleke kwa Isipokuwa."

Nikalipa. Zaidi ya dola 200 kwa kila mtu, na wala sikuona uchungu.

Dereva, ambaye ndiye pia mwongoza watalii, alichelewa. Yanatokea. Akamwita mama kwa jina lake la kwanza kama mtu na rika lake. Nikameza, maana huku ndivyo wanavyoitana, mkubwa kwa mdogo. Barabara ya Gillies inayopanda mlimani ina kona zaidi ya 260, naye alizipiga kama anakimbiza mgonjwa, mama ameshika siti ya mbele kwa mikono miwili. Na hilo nikaliacha. Nayasema haya ili mjue sikupanda gari nikitafuta ugomvi.

Tukafika Yungaburra, kwenye kijito cha Peterson, saa kumi na mbili jioni na kidogo. Ni wakati wake hasa, jua likizama na alfajiri. Pana jukwaa la mbao la kutazamia, maji yake ya rangi ya chai, miti imeinamia kingo.

Hapa mnisikilize vizuri, maana bila kumjua mnyama hamtaliona kosa. Platipasi akizama hufumba vyote: macho, masikio na pua. Chini kule anatafuta chakula kwa mdomo uleule ambao watu wanaucheka. Si mgumu kama wa bata. Ni laini, una ngozi, na umejaa vihisio vinavyonasa umeme mdogo sana unaotoka kwenye misuli ya kamba na mabuu wa wadudu wanapojitikisa ndani ya tope. Anajaza mashavu, na baada ya nusu dakika au dakika hivi anapanda juu kutafuna. Meno hana, anasaga kwa vibao vigumu vilivyo kwenye fizi. Basi anayemngojea ana kazi mbili: atulie, na atazame mapovu. Kishindo kinamshtua. Akimulikwa na taa kali anazama, na pengine anaibukia mbali usimwone tena.

Bwana yule aliubamiza mlango wa gari. Akaja jukwaani na mabuti, ko-ko-ko juu ya mbao. Akawasha tochi nyeupe yenye mwanga mkali akaizungusha majini kama anayetafuta mwizi. Akatangaza kwa sauti kwamba tuna dakika kumi.

Mama akasogea karibu naye. Kwa sauti ya chini, kwa Kiingereza, na Kiingereza cha mama ni kile cha walimu wa zamani, kimenyooka kila neno mahali pake, akamuuliza: nimesoma kwamba mnyama huyu hana chuchu, sasa watoto wake wananyonyaje?

Hakumjibu. Hakumtazama hata usoni. Alinigeukia mimi, akaniambia nimtafsirie mama yangu kwamba anyamaze, atawafukuza wanyama. Nimtafsirie! Mama amesimama pale, hatua moja kutoka kwake, amesikia na ameelewa kila neno. Kisha akaongeza, na hili ndilo linaloniamsha usiku, kwamba kwetu kuna simba na tembo, haka kapanya ka maji hakatatushangaza. Watu wawili kwenye kundi wakacheka.

Mama akasema, "Samahani." Yeye ndiye aliyeomba samahani.

Simba! Kwani mtu akitoka Muheza anaamka na simba mlangoni? Na hata kama ningekuwa nimezaliwa katikati ya Serengeti, Afrika nzima, kutoka Tunis hadi Cape Town, hakuna mnyama hata mmoja aliye hai anayetaga mayai na kuyaangua halafu akanyonyesha. Duniani wamebaki aina tano tu: platipasi, na ekidna wa aina nne, ambao mama akiwaona kwenye picha anawaita kalunguyeye wa Australia kwa ile miiba yao. Wote ni wa Australia na kisiwa cha Guinea Mpya, basi. Na hako kapanya, dume lake lina mwiba wa sumu kwenye kila mguu wa nyuma. Haiui mtu, lakini maumivu yake hata mofini, ile dawa kali ya maumivu, haiyatulizi ipasavyo.

Na swali la mama halikuwa la mtu asiyejua kitu. Mwaka 1799 George Shaw, mtaalamu wa wanyama kule London, alipoletewa ngozi ya mnyama huyu alishuku kuna mtu ameishonea mdomo wa bata. Kama anataga au anazaa, wasomi wa Ulaya walibishana mpaka mwaka 1884, pale William Caldwell alipowapata wakiwa na mayai hapahapa Queensland, tena kwa msaada wa wenyeji, watu wa asili wa nchi hii, ambao walikuwa wakisema siku zote kwamba anataga na hakuna aliyewasikiliza. Zaidi ya miaka 80 ya ubishi wa maprofesa. Mstaafu wa Muheza anauliza swali la aina hiyohiyo kwa adabu zote, anaambiwa anyamaze.

Na wakati bwana anahubiri hayo, niliona mapovu. Mstari wa mapovu madogo, mita kama tano kutoka tulipo, unasogea kuelekea mizizi ya ule mti wa ng'ambo. Nikamshika mama mkono. Nikanyoosha kidole. Dereva akatazama saa yake akasema muda umeisha, twendeni. Nikamwomba dakika mbili. Akasema ratiba ni ratiba, na alikuwa ameshazima tochi anatembea, ko-ko-ko.

Nyota sifuri ndizo nitakazowapa kwenye tathmini yangu, nilisema moyoni. Kama wangeruhusu chini ya sifuri ningeweka.

Sasa nikisema usiku wote ulikuwa bure nitakuwa mwongo, na sitaki mtu aje aniambie nimetia chumvi. Jicho bwana yule analo. Gari linakwenda, giza, akafunga breki akatuonyesha kangaruu wa kwenye miti, yule wa Lumholtz, amejikunja kwenye tawi na mkia unaning'inia kama kamba ya kisima. Mababu zake walikuwa wa ardhini kama kangaruu wengine, kisha kizazi chao kikarudi kuishi mitini, na kangaruu wa chini asiyeweza hata kurudi nyuma vizuri ana ndugu anayetembea kinyumenyume juu ya tawi. Siku nyingine mama angeshuka na daftari. Safari hii alitikisa kichwa tu.

Halafu palikuwa na binti msaidizi. Tuliposimama kwenye ule mtini mkubwa ulioshusha mizizi yake kama pazia, watu wakaenda kupiga picha, mama akabaki ndani ya gari. Binti alikuja na blanketi lake mwenyewe akamfunika miguu. Akachuchumaa pembeni yake, akawasha kitochi chake chekundu kisichoumiza macho, akafungua kiganja cha mkono wake wa kushoto na kwa kidole akachora juu yake. Hapa tumbo. Hakuna chuchu. Maziwa yanachuruzika kwenye ngozi, sehemu mbili, hapa na hapa, yanalowanisha manyoya, na watoto wanayalamba. Kwa kawaida mayai ni mawili. Mama akakishika kile kiganja akakitazama muda mrefu kana kwamba mchoro umebaki. Kisha akauliza swali la pili. Nikajua amerudi.

Kwa ajili ya binti huyo nikapandisha, nikasema nyota mbili. Nikiandika sasa hivi naona mbili ni nyingi. Binti si kampuni. Kampuni ni yule waliyemkabidhi usukani na kipaza sauti.

Hatukurudi Brisbane kesho yake. Nilibadilisha tiketi kwa hasara, nikakodi gari dogo, tukalala palepale Yungaburra, na kabla hakujapambazuka tukawa tumekaa kwenye ukingo wa kijito kilekile. Hakuna kiingilio pale. Nimekuja kugundua hivyo baada ya kulipa dola zangu. Baridi ilikuwa kali, ukungu umelala juu ya maji. Tulikuwa na chupa ya chai ya tangawizi, tukamimina polepole ili kikombe kisigonge. Hatukusema neno. Mama anajua kunyamaza, amesimamia mitihani maisha yake yote.

Ilipita zaidi ya nusu saa. Kwanza mapovu, mstari uleule. Kisha maji yakavimba kidogo, bila sauti, na akatokea.

Ni mdogo. Picha zinadanganya. Hazidi kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Alilala juu ya maji bapa kama ubao uliotupwa, anatafuna, mdomo unakwenda kulia na kushoto, na matone yanateleza kwenye manyoya yake bila kuingia. Tuliliona jicho, dogo kama punje ya pilipili manga. Akakunja mgongo, akazama, maji yakafunga. Akaibuka tena. Mara tatu, nne, tano, kila mara akitusogelea, mpaka mara moja akawa chini ya miguu yetu hasa na nikamsikia akitafuna. Wallahi nilimsikia.

Mama alikuwa analia. Hakufuta machozi asije akatikisika. Alipozama mara ya mwisho na ukungu umeanza kuinuka, ndipo akasema kwa sauti ya darasani, "Isipokuwa."

Kwa hiyo mkiniuliza kama muende, nawaambia nendeni, tena msingoje. Ila msiende na wale. Na hapa nakwama, kwa sababu kama si tangazo lao nisingejua kijito kile kiko wapi, na kama si binti yule mama angeondoka nchi hii na swali lake mkononi. Nilikaa nikafikiri kwamba pengine nimewaonea, pengine dereva alikuwa na siku mbaya. Nikafuta niliyokuwa nimeandika.

Ndipo likaja jibu la kampuni kwa barua pepe niliyowaandikia kulalamika. Wanasikitika ikiwa tulijisikia vibaya. Wanatupa punguzo la asilimia kumi kwenye safari ijayo. Jina la mama wamelikosea. Juu ya kumwambia mtu mzima anyamaze, kupitia kwa mwanawe, hakuna hata mstari mmoja. Siku mbaya ni ya mtu mmoja. Barua hii wamekaa ofisini wakaiandika.

Nyota moja, na ni ya yule binti. Laiti ningejua namna ya kumfikishia yeye peke yake.

Mama amesharudi Muheza. Majuzi mdogo wangu alinitumia video: ubao wa zamani umeegeshwa ukutani barazani, wajukuu na watoto wa jirani wamekaa kwenye mkeka, na mama amemchora kwa chaki, mdomo, mkia, mwiba wa mguuni, na mishale miwili imeelekezwa tumboni. Mtoto mmoja haamini, anabisha kabisa. Mama anamwambia njoo karibu, uliza tena, uliza kwa sauti.

Anataka kuja tena mwakani, safari hii amwone na ekidna. Zile kona 260 nitaziendesha mimi.